Nilimtoa mdogo wangu chumbani kwa nguvu, sasa hasemi nami

Assalamu alaikum, Somo.

Mimi ni mama wa miaka 36, mkaazi wa Likoni. Nina mdogo wangu wa kike anayenifuata, ameolewa mtaa wa pili tu kutoka kwangu. Mumewe yuko Doha kikazi. Wana mtoto wa kiume wa miaka mitatu, na mwengine mchanga wa miezi mitano bado ananyonya.

Wiki iliyopita huyu wa miaka mitatu alishikwa na homa tangu alasiri. Akapewa dawa ya homa, akalala. Usiku dege likampanda: macho yakageuka, mwili ukakakamaa, povu likamtoka. Mdogo wangu alikuja kunigongea mlango miguu peku. Tukapanda tuktuk mbio hadi feri, tukavuka, tukaingia hospitali kubwa huku kisiwani.

Kupokelewa tulipokelewa, hapo sina la kulaumu. Wakamdunga sindano dege likatulia, wakamtia oksijeni. Kumbe bado. Karibu na alfajiri mtoto akaacha kupumua. Wakaja mbio watu wanne watano, mmoja akamshika kichwa akawa anambonyezea ule mfuko wa kumpa pumzi, mwengine anatafuta mshipa, mwengine anaita dawa. Mdogo wangu alikuwa amesimama pembeni upande wa miguu, anamwita mtoto jina lake. Hakumgusa mtu, lakini sauti aliyokuwa akiitoa, Somo, mimi sijawahi kuisikia. Nikaona hapa ataanguka, au ataona kitu ambacho hatakisahau maisha yake yote. Nikamkumbatia kwa nyuma, nikamvuta hadi nje kwenye veranda, nikamshika huko. Alinipiga, alining'ata mkono, sikumwachia mpaka walipotoka kutuambia mtoto amerudi.

Alhamdulillah, mtoto yuko hai. Yuko wodini, anatambua watu, jana amekunywa uji. Lakini mdogo wangu hasemi nami. Neno moja tu amenambia tangu siku hiyo: "Ulinitoa kwa mwanangu." Nikimwambia nyamaza, Mungu yupo, anageuza uso ukutani.

Na hayo si peke yake. Kulipokucha walitaka kumtoa mtoto maji ya mgongo ili wayapime. Mama mkwe wake akakataa katakata, akasema mtoto atapooza, na hakuna wa kutia saini ila baba yake aliye Doha. Simu haikushikwa mpaka mchana. Kaka yetu mkubwa aligombana na manesi, mbona hawamtundikii mtoto maji. Jirani akasema mtoto akishatiwa oksijeni huyo harudi. Shangazi amekuja na kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Qur'ani, na chetezo cha ubani. Binamu amempiga mtoto picha na mipira puani, ameitia kwenye grupu la WhatsApp la ukoo kuombea mchango. Na mama mkwe haachi kuuliza mbele za watu: mtoto ana homa kutwa nzima, mama alikuwa wapi?

Nataka uniambie, Somo. Mama gani anafaa kumwona mwanawe katika hali ile? Ikiwa nilifanya sawa, liandike hapa ili mdogo wangu alisome. Na hizi siku zilizobaki, nimsaidieje mtu asiyetaka kunitazama?

Dada Mkubwa, Likoni

*

Waalaikumu salaam, mwanangu. Poleni nyote, na mtoto Mungu amzidishie nafuu.

Umeniomba niandike kwamba ulifanya sawa. Siwezi. Nimeisoma barua yako nikitafuta mahali ambapo daktari au nesi alisema mama atolewe, sikupaona. Wewe mwenyewe umeandika alikuwa upande wa miguu na hakumgusa mtu. Ningekuwa kazini usiku ule, na miaka yangu mingi ya uuguzi ilipita kwenye wodi za watoto, ningemwacha pale pale. Upande wa miguu ndipo penyewe. Kichwani pana mwenzetu anayempa mtoto pumzi, na mkononi pana anayetafuta mshipa. Aliyeshindwa kuistahimili ile sauti ni wewe. Sikulaumu kwa hilo, ni ndugu yako wa tumbo moja. Lakini hofu ilikuwa yako, na aliyeilipia ni yeye.

Uliyoyafikiri usiku ule hata hospitali ziliyafikiri kwa muda mrefu. Huko Uingereza, mpaka miaka ya 1950, hospitali nyingi zilimruhusu mzazi kumwona mwanawe aliyelazwa kwa saa chache tu, kwa hoja kwamba mtoto akimwona mamake hulia na kuvuruga wodi. Ilibidi kamati ya serikali yao iketi, na mwaka 1959 ikatoa ripoti kwamba wazazi waruhusiwe kuingia wakati wowote. Sisi hatukuhitaji kamati kutuambia mama alale na mtoto wake. Wodi zetu zimejaa kina mama, wengine wawili kitanda kimoja. Mlango ambao bado tunaufunga ni ule wa dharura, pale mtoto anapopiganiwa.

Na huo mlango umeshachunguzwa. Mwaka 2013 Ufaransa ilitoa matokeo ya utafiti uliofuatia jamaa 570 wa wagonjwa ambao moyo ulisimama wakiwa nyumbani. Jamaa wa kundi moja waliulizwa kwa mpango kama wanataka kuwapo timu ikifanya kazi, wengine yakafuatwa mazoea ya kawaida. Baada ya siku 90, walioulizwa ndio waliokuwa na dalili chache za majinamizi na kushtukashtuka. Kazi ya timu haikuharibika, na wagonjwa hawakufa zaidi kwa sababu jamaa walikuwapo. Wagonjwa hao walikuwa watu wazima, lakini kwa watoto mwelekeo ni huo huo: wazazi wengi wakiulizwa husema wanataka kuwapo, na miongozo ya huduma za dharura ya Marekani na Ulaya inataka wapewe nafasi hiyo, pawe na mtu wa kusimama nao.

Sababu yake wala si ngumu. Uliyemfungia nje hakuacha kuona. Nusu saa ile mdogo wako aliiona yote, ila aliiona kichwani mwake, na kichwa cha mama kikiachiwa kijaze chenyewe hujaza mabaya kuliko yaliyotokea. Ndani angeona watu wanamhangaikia mwanawe. Veranda ilimwonyesha mlango umefungwa.

Kwa hiyo kabla ya chai, kabla ya chakula, kabla ya pesa, mrudishie ile nusu saa. Mtafute nesi au daktari aliyekuwa zamu usiku ule. Zamu hubadilika, uliza wodini atarudi lini. Mwombe aketi na mama dakika kumi amsimulie hatua kwa hatua: mtoto alibadilika vipi, nani alifanya nini, pumzi zilirudi lini, alipewa dawa gani. Faili ipo, yote yameandikwa, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa au mlezi wake hali ilivyo. Wengi huogopa kuomba hili wakidhani wataonekana wanatafuta kesi. Ombeni kwa upole, semeni mnataka kuelewa, na mara nyingi mtakuta yule nesi naye alikuwa akitamani kumwona mtoto akinywa uji.

Wewe kaa kando asimuliwe. Akimaliza, mwambie: "Nilikutoa, na ulitaka kubaki. Nisamehe." Usitie "lakini" baada yake. Usimweleze ulivyoogopa, hiyo habari mpe mumeo au nipe mimi. Asipojibu siku hiyo, haidhuru, endelea kumletea maji ya kuoga.

Ikitokea tena, Mungu apishe mbali, sema na mhudumu wa kwanza unayemwona: "Mama anataka kubaki. Mimi nitasimama naye, mkitwambia tutoke tutatoka." Umewapunguzia kazi, maana wanachokiogopa ni mama kuanguka au kumkamata daktari mkono, na hawana mtu wa ziada wa kumwangalia. Simama nyuma yake, si mbele. Miguu ikilegea mkalishe chini hapo hapo. Muulizeni nesi pa kumshika mtoto. Mara nyingi mguu huwa huru. Amwite jina kama alivyokuwa akimwita. Na wakisema tokeni, mnatoka bila ubishi, kwa kuwa wako wazazi wengine na watoto wengine humo. Tena yuko mzazi asiyetaka kuona, hasa kina baba wengi ninaowajua. Huyo naye asilazimishwe. Abaki nje na mtu wake.

Sasa hilo la "nyamaza, Mungu yupo." Mdogo wako anajua Mungu yupo, pengine usiku ule alimjua kuliko sisi sote. Asilolijua ni alichosema daktari asubuhi wakati wa raundi, kwa sababu mtu aliyekesha siku tatu huambiwa maneno kumi akabaki na mawili. Nunua daftari la shule, liweke chini ya mto wa mtoto. Daktari akija, wewe andika, yeye asikilize. Kama hajui la kuuliza, muulizie: kinachowatia wasiwasi zaidi leo ni kitu gani, mnangojea jibu gani na litatoka lini, na tukiona dalili gani tukuiteni mbio? Jioni msomee. Hapo utaona ameanza kukutazama, hata kama ni kwa ajili ya daftari tu.

Na shemeji wa Doha. Saa ya Doha na saa ya Mombasa ni moja, kwa hiyo hapana sababu ya kumpigia ovyo ovyo. Mpangieni mara mbili: baada ya raundi ya asubuhi, na baada ya isha. Wa kumpigia awe mmoja, akiwa na daftari mkononi. Baba aliye mbali akipigiwa na watu sita hupata habari sita, kisha humgombeza mkewe kwa ile mbaya zaidi. Simu ya jioni muiweke sikioni kwa mtoto dakika mbili tatu asikie sauti ya babake. Baba naye anahitaji kazi ya kufanya, na hiyo anaiweza akiwa Doha.

Kuhusu saini, mama mkwe kakosea. Katiba yetu, kifungu cha 53, inawapa mama na baba wajibu sawa juu ya mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Saini ya mama aliyesimama kitandani inatosha. Mkishikana na simu ya Doha hadi mchana, anayechelewa ni mtoto.

Hofu ya maji ya mgongo naielewa, nimeikuta kila wodi niliyofanyia kazi hapa Pwani. Ile sindano hudungwa chini kiunoni, mahali ambapo uti wenyewe wa neva umeshakoma huko juu. Hapo chini pana maji na nyuzi za neva zinazosogea. Huchukuliwa matone machache tu, na mwili hutengeneza mengine. Daktari anatafuta kama kuna maambukizi kwenye utando wa ubongo, kwa sababu mtoto mwenye homa, dege na usingizi mzito anaweza kuwa na malaria kali au anaweza kuwa na hayo maambukizi, na ukimtazama kwa macho hutofautishi. Mtoto aliyebaki na ulemavu baada ya kutolewa maji, mara nyingi ulemavu ameupata kwa ugonjwa wenyewe, tena ule uliocheleweshwa. Akili yetu hukumbuka sindano kwa kuwa ndiyo tuliyoiona.

Oksijeni nayo ni vivyo hivyo. Hutiwa mtoto aliyezidiwa, na waliozidiwa ndio wanaokufa zaidi, basi mtaa ukahesabu kwamba gesi inaua. Mwambie jirani kwamba huyo wenu alitiwa na jana amekunywa uji.

Kaka yenu mpe heshima yake, kwa sababu anagombana kwa mapenzi, ila mwelezeni jambo hili. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, na watafiti wa Kilifi, hapo jirani zetu, wakiwa mstari wa mbele. Watoto 3,141 walioletwa na homa kali na damu kutozunguka vizuri mwilini, wengine walimiminiwa maji ya mshipa kwa haraka, wengine wakatiwa polepole kwa kiasi cha kawaida. Waliomiminiwa ndio waliokufa zaidi: kati ya kila 100, kama 11 ndani ya saa 48, na wale wengine kama 7. Dunia nzima ilishtuka, maana kila daktari alikuwa amefundishwa kumimina. Mtoto wa kuharisha na kutapika ni habari nyingine, huyo anahitaji maji yake, na utafiti ule haukumhusu. Kwa hiyo nesi akiacha chupa ikining'inia tupu, au asitundike kabisa, muulizeni sababu kabla ya kumpigia kelele. Na kaka mwenyewe mtafutieni kazi inayolingana na sauti yake: akusanye vijana wa kutoa damu. Damu haiuzwi, benki ya damu ya hapa huishiwa mara kwa mara, na mtoto wa malaria kali huweza kuihitaji usiku wa manane. Mtu mwenye afya, wa miaka 16 hadi 65, mwenye kilo 50 na zaidi, anaweza kutoa.

Shangazi na kombe. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana wengi wakisikia nesi anazungumzia kombe hudhani anaidharau dini. Someni Qur'ani kitandani, someni kwa sauti ndogo, wodi ina Wakristo wanaoomba vilevile na hakuna anayemsumbua mwenzake. Lakini mtoto aliyetoka kwenye dege au mwenye usingizi mzito hamezi sawasawa. Chochote kinachotiwa mdomoni, kiwe kombe, zamzam, uji au dawa ya maji, huweza kwenda mapafuni badala ya tumboni. Kombe liwekwe mpaka nesi aseme mtoto anaweza kunywa. Na ubani usiingie kabisa. Penye oksijeni moto hushika upesi na kuwaka kwa nguvu, kaa la chetezo linatosha kabisa. Mfukizeni nyumbani akirudi, mbali kidogo na pua yake.

Picha iondolewe kwenye grupu leo. Mtoto atakua, na ile picha itakuwa imeshatembea Mombasa nzima kabla hajaanza chekechea. Tena picha za namna hiyo ndizo matapeli huzichukua wakaombea pesa kwa namba zao. Mchango uendelee bila picha, namba ya M-Pesa iwe ya mtu mmoja, na asiwe mama. Mama asipigiwe simu ya kuulizwa kama elfu moja zimefika.

Huyo wa M-Pesa ndiye pia ashughulikie karatasi. Bima ya zamani ya NHIF ilikoma, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tuko kwenye SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya. Piga *147# muone kama mama amesajiliwa, kama watoto wako chini yake, na kama mchango umelipwa. Kujisajili bila kulipa hakukufikishi mbali ukilazwa. Bebeni cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Ikipungua, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, msingoje siku ya kutoka. Na jueni hili: kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu hanyimwi matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya imeweka faini ya hadi shilingi milioni tatu kwa hospitali inayoweza kumtibu mtu wa dharura ikakataa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua pia kwamba kumzuia mgonjwa wodini kwa sababu ya deni si halali. Deni linabaki deni, mtalipa kwa mpango, lakini mtu si rehani.

Umemtaja yule wa miezi mitano mara moja tu, ukampita. Mimi naye ndiye aliyenikaa moyoni. Kama yuko Likoni na mamake yuko kisiwani, maziwa yanajaa, yanauma, yanaweza kufanya jipu, na yasipotoka yatapungua. Mdogo wako ayakamue kila baada ya saa tatu hivi, mikono ikiwa safi, kwenye chombo kilichochemshwa chenye kifuniko. Nje ya friji yasipite saa nne, na kwa joto letu ni bora hata kabla ya hapo. Kwa hiyo yanayovuka feri yavuke kwenye ndoo ya barafu, na mtoto anyweshwe kwa kikombe. Hiyo ndiyo kazi ningekupa wewe. Unafika wodini mara mbili kwa siku, unachukua maziwa, unaacha leso safi na chakula, unaandika ya daftari, unaondoka. Atakuona unamlelea mwanawe mwengine bila kumlazimisha kuzungumza. Na usiku mmoja mmoja, akikubali, wewe ukae na mtoto yeye alale saa nne mfululizo, kitanda cha karibu, si kuvuka hadi nyumbani. Mwahidi utamwamsha kukiwa na lolote, kisha uitimize hiyo ahadi hata kama ni jambo dogo. Baada ya yaliyotokea, hapo ndipo atakapokupima.

Na jamaa wote hao wanaokuja hospitali wapangwe, wawili kwa siku.

Yakishapita haya, msishangae mtoto akiwa mlilaji au akijikojolea kwa muda, wala mama akiamka usiku kumgusa kama anapumua. Hayo huisha polepole. Yakizidi mwezi, na bado anauona ule usiku mchana kweupe, halali, hawezi kupita karibu na hospitali, mpelekeni kwa mshauri wa akili. Si wazimu, na si kukosa imani.

Nimemwacha mama mkwe mwisho kwa makusudi. Lile swali lake, "mama alikuwa wapi," usilijibu wewe, utaanzisha vita vya koo mbili. Mwombe daktari amweleze yeye mwenyewe, kwa heshima ya utu uzima wake, mbele ya mkwewe. Atamwambia kwamba homa humletea dege mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano hata akiwa mapajani mwa mamake, na kwamba dawa ya homa humpa nafuu mtoto lakini haizuii dege. Likitoka kwa daktari atalipokea.

Kisha daktari amfundishe la kufanya likija tena, kwa kuwa huweza kuja tena. Mtoto alazwe ubavu, nguo zilegezwe, asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, asinyweshwe wala kumwagiwa maji, na mtu mmoja aangalie saa. Kila mtoto wa dege na homa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, lakini likipita dakika tano mnatoka hapo hapo, na hamvuki feri. Kuna hospitali ya kaunti ndogo hapo hapo Likoni. Atulizwe kwanza huko, kisha wao ndio wampeleke kisiwani kwa ambulensi ikihitajika. Mdogo wako akirudi kwenye shughuli zake mchana, wa kubaki na watoto atakuwa huyo huyo bibi yao, basi yeye ndiye afundishwe kabla ya nyote.